Ofisi ya wakili iliyotufungulia amana ya familia Kampala: huduma safi, sheria ndiyo imezeeka

Nilisema nitaandika hii kitu ikishaisha yote, bado haijaisha lakini imefika mahali naweza kuongea, na watu wengi kwenye grupu ya familia na hata wateja wa dukani wananiuliza nyinyi mlifanyaje ile ya mzee, basi wacha niandike mara moja.

Tulienda kwa ofisi ya mawakili Kampala, ghorofa ya tatu, si mbali na Kampala Road. Jina silitaji sababu kuna vitu nitavilaumu humu na sitaki kuharibia mtu kazi. Tulichokuwa tunataka ni kimoja tu, mali ya mzee, yaani malori, duka na ploti, isikatwekatwe vipande siku akiondoka. Si wosia peke yake, tulitaka amana, trasti ya familia, yaani mali inakaa chini ya wadhamini, biashara inaendelea kutembea na kila mwenye haki anapata chake bila kuuza kitu.

Kilichotukimbiza huko ni baba mdogo. Alifariki 2019, alikuwa na malori matatu ya kubeba mahindi kutoka kwetu Busia hadi kwa mashine za kusaga za Kisenyi, Kampala, duka la vipuri, na nyumba ya kupangisha vyumba nane, na hakuacha karatasi hata moja. Matanga haijaisha watu washaanza kuangaliana. Wengine wanasema twende kwa sheikh agawe kidini, wengine wanasema korti, na huko kubishana tu kulikula miezi. Alafu hata mkikubaliana, mtu akifa bila wosia Uganda inabidi mpite kwa ofisi ya Msimamizi Mkuu wa mali za marehemu mpewe cheti cha kutokuwa na pingamizi, ndio muende korti kuomba barua za usimamizi, na wakati wote huo dereva haendi safari sababu hajui mshahara wake uko kwa nani, insuransi inaisha, wapangaji leo wanalipa huyu kesho wanalipa yule. Lori moja liliishia kuuzwa skrepu. Nililikuta linakatwa na gesi pale yadi, nikageuka nikaenda zangu, sikuweza kuangalia.

Sasa sheria yenyewe ya mirathi ni ya 1906, lakini 2022 Bunge liliirekebisha na mimi naipongeza kwa hilo, mgao wa mjane au mgane ulikuwa asilimia 15 ukapanda hadi 20, watoto wakabaki 75, ndugu wanaotegemea marehemu 4, mrithi wa mila, yule Waganda wanamwita omusika, 1. Ni hatua kubwa kwa wajane. Ila asilimia haiwezi kujibu swali la lori. Lori huwezi kulikata asilimia 75. Ama mnauza mgawane hela, ama mnakaa nalo pamoja, na kukaa nalo pamoja kunahitaji mtu mwenye mamlaka na mtu wa kumchunga huyo mwenye mamlaka. Hiyo ndio kazi ya amana.

Siku ya kwanza tulitoka Busia saa kumi alfajiri na takisi, mimi, mzee, dada yangu anayenifuata na mama mkubwa, mke wa kwanza wa mzee. Mama mdogo, mke wake wa pili, alikataa kuja, nitaeleza. Apointimenti ilikuwa saa nne, tumeingia kwa wakili saa tano na nusu, na mzee ana miaka 71 na mgongo mbaya, viti vya pale nje ni vya mbao. Hiyo sikuipenda hata kidogo na nilimwambia yule binti wa mapokezi, akaomba radhi vizuri na akaleta chai, lakini ukishamwita mzee saa nne mwone saa nne.

Baada ya hapo lakini, wallahi, sina la kulaumu siku hiyo. Wakili ni mama wa makamo, akasimama akamwambia mzee shikamoo, akaongea Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Msione ni kitu kidogo. Katiba yetu toka 2005 inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, lakini ingia ofisi kumi za Kampala na karatasi zako uone wangapi watakuelezea mambo ya mali kwa Kiswahili, utapewa Kiingereza, ama Luganda, na sisi watu wa mpakani tunabaki kuitikia tu ndiyo ndiyo. Mzee wangu ameendesha biashara miaka 40 kwa Kiswahili. Siku hiyo aliuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kumsikia akiuliza mtu.

Hakuanza na bei. Alichukua karatasi nyeupe akauliza nani anakula kutokana na hii mali leo, si nani atarithi, nani anakula leo. Tukataja, na orodha ikafika watu 17, pamoja na bibi na mtoto wa dada aliyefariki. Alafu akachora njia tatu. Wosia, ambao unaanza kufanya kazi siku umekufa na bado lazima upite korti kuthibitishwa. Kampani, ambayo ni nzuri kwa malori na duka lakini hisa zenyewe ukifa zinaingia kwenye mirathi kama kitu kingine chochote. Na amana, ambayo unaifungua uko hai, unaiona ikitembea, na ukifa yenyewe haifi. Akasema mara nyingi watu wanachanganya hizi, na sisi mwishoni ndio tulifanya hivyo, kampani inashika malori na duka, hisa za kampani zinashikwa na wadhamini wa amana.

Hapo mzee, ambaye ni haji, akauliza, "Sasa hii si ndio wakfu?"

Mimi nilidhani wakili atasema hapana. Akasema ndiyo mzee, ni ndugu yake. Akaeleza vizuri mno, kwamba kwenye wakfu mali inafungwa, haiuzwi hairithiwi, kinacholiwa ni matunda yake, na kuna wakfu wa hisani kama kisima na msikiti, na kuna ule wa kizazi ambao mtu anawawekea watoto wake na watoto wao, na kizazi kikiisha ndio unaangukia maskini. Na akatuambia kitu ambacho sikukijua, kwamba korti za wakoloni ziliukataa huu wa kizazi. Hoja yao ilikuwa kwamba mali haiwezi kufungwa milele kwa ajili ya familia ya mtu, kwa sheria ya Kiingereza mwisho ni maisha ya mtu aliye hai sasa hivi na miaka 21 juu yake. India watu wakapiga kelele hadi ikatungwa sheria 1913 ya kuurudisha. Mzee alinyamaza sana, alafu akasema babu yake alikuwa na shamba la namna hiyo Pwani na walivyolipoteza hakuna aliyewahi kumwelezea.

Na kwa sisi Waislamu kuna sababu nyingine ya kutotegemea wosia peke yake. Wosia hauzidi theluthi moja ya mali, na mrithi haachiwi wosia mpaka warithi wenzake wakubali. Kwa hiyo yule anayesema andika tu wosia kila kitu kipate mtoto fulani, kidini haupiti. Unachokitoa ukiwa hai na akili zako timamu ni jambo lingine. Rasimu ilivyotoka tulimpelekea sheikh wa msikiti wetu akakaa nayo wiki nzima, akataka vitu viwili viongezwe, mabinti na wajane wasifungiwe nje kwa namna yoyote, na mwisho wa amana sehemu iende kwa hisani. Wakili akaviweka vyote bila kuongeza hela.

Sasa kaka. Kaka yangu mkubwa yuko Minnesota, anaendesha trela, na kila mkutano tunampigia WhatsApp. Yeye alikuwa amesoma kuhusu South Dakota, ni jimbo jirani na kwake anapita huko na mzigo, akasema kwa nini tusifungue trasti huko, mbona matajiri wa dunia wanapeleka hela Sioux Falls, sheria zao za trasti ni nzuri mno. Wakili wa njaa angesema ndiyo nitumie dola. Huyu alichukua karibu saa nzima kutuelezea na mimi niliandika kwenye daftari la duka, basi nawapa.

Marekani sheria ya trasti ni ya kila jimbo, si ya nchi nzima. Hapo ndipo mashindano yanaanzia. South Dakota ilifuta ule mpaka wa muda mwaka 1983, trasti ikawa inaweza kuishi milele. Delaware wakafuta wao 1995 kwa mali isiyo ardhi. Alaska 1997 wakaenda mbali zaidi, mtu anaweka mali yake kwenye trasti, yeye mwenyewe ni mnufaika, na bado wadai wake hawaifikii kirahisi, Delaware wakafuata mwaka huohuo. Nevada wameweka miaka 365. Wyoming miaka 1,000. Tennessee 360. Sio kwamba watu wa Wyoming wanapenda sana hesabu kubwa, ni kwamba trasti ikikaa kwenye jimbo lako inakuja na kampani ya wadhamini, na wahasibu, na mawakili, na benki, na vijana wa kuandika hesabu, na South Dakota kwa mfano haitozi kodi ya mapato ya jimbo lakini ajira inazipata. Kwa hiyo mabunge yao yanarudi kwenye sheria hii mara kwa mara, yanaongeza kifungu hapa, yanatoa pale.

Kuna vitu viwili vya huko nilivipenda kweli. Cha kwanza, wanakuruhusu kuzigawa kazi za mdhamini, mmoja anashika hati, mwingine anaamua biashara, mwingine anaamua nani apewe nini, na kila mmoja anajibu kwa kazi yake tu. Fikirieni kwa familia ya malori. Mwalimu mstaafu mwaminifu unaweza kumpa kushika hati, lakini usimwambie aamue kununua injini. Cha pili ni kile wanachokiita kumimina, trasti ya zamani yenye masharti yaliyopitwa na wakati mdhamini anaimimina kwenye mpya bila kurudi korti kila saa, New York ndio walianza kuandika sheria yake 1992. Na toka 2000 kuna sheria ya mfano ya trasti ambayo majimbo mengi yameichukua, kwa hiyo mtu akihama jimbo hapotei.

Kingine sikukipenda na nilisema palepale. Hii ya kuweka mali mahali ambapo anayekudai hafiki. Mimi ni mtu wa biashara, mkulima wa Bugiri ananikopesha magunia 60 kwa neno langu tu. Siku nimeshindwa kulipa nimwambie malori si yangu ni ya amana? Hapana. Na 2021 zile karatasi zilizovuja, Pandora Papers, zilionyesha watu wa nje wenye hela za maswali wamejificha hukohuko South Dakota. Wakili mwenyewe alikubali, akasema sheria ya kisasa na maficho ni vitu viwili, nchi inaweza kuchukua cha kwanza ikaacha cha pili.

Kaka akauliza basi tupeleke au tusipeleke. Jibu lake lilikuwa fupi, kwamba ardhi ya Busia inatawaliwa na sheria za Uganda hata ukiiandikia karatasi mwezini, na gharama za kule kwa familia ya malori matatu zitawamaliza. Tumefungua hapa.

Ila niliporudi nyumbani ile ya wakfu haikunitoka kichwani. Babu zetu walikuwa na mali ya kizazi isiyokufa, wakaambiwa na korti kwamba haiwezekani, mali haifungwi milele kwa ajili ya familia. Leo Marekani, nchi iliyorithi sheria hiyohiyo ya Kiingereza, wanaiuza kama huduma, na watu wa nchi zetu wenye uwezo wanapanda ndege kwenda kuinunua. Inaniuma kusema kweli.

Na hapa ndio nafika kwenye kasoro kubwa, ambayo si ya ofisi. Sheria yetu ya wadhamini ni ya 1954. Inafuata sana ile ya Uingereza ya 1925, na Waingereza wenyewe walishatunga nyingine 2000. Ile nyingine ya kusajili wadhamini wawe chombo kimoja chenye muhuri ni ya 1939, na ukiisoma unaona waliyekuwa wanamfikiria ni kanisa, shule, chama cha hisani, si familia yenye duka la vipuri na malori. 2022 Bunge liliigusa pamoja na ya makampani, lakini ilikuwa ni kwa ajili ya wamiliki halisi wajulikane, nchi yetu ilikuwa kwenye ile orodha ya kijivu ya nchi zinazofuatiliwa kwa utakatishaji hela toka 2020 na tukatolewa Februari 2024. Ilikuwa lazima, sipingi. Lakini walifungua kofia ya gari wakabadilisha taa, injini wakaiacha.

Angalia majirani. Kenya 2021 wakarekebisha yao na wakaandika wazi kabisa trasti ya familia, kwamba mtu anaweza kusajili kwa ajili ya kupanga mali yake, akiwa hai au kwa wosia. Rwanda mwaka huohuo 2021 wakatunga sheria nzima ya trasti, na wao hata mfumo wao wa asili wa sheria si wa Kiingereza, trasti si kitu walichozaliwa nacho, lakini wanataka hela za wawekezaji zikae Kigali kwenye kile kituo chao cha fedha za kimataifa. Mauritius walimaliza hiyo kazi 2001. Sisi tuna mafuta yanakuja, tuna wafanyabiashara wa Kikuubo pale Kampala wenye mali ambayo hata wao hawaijui yote, na kila mmoja anaombea tu asife kesho.

Matokeo yake nini kwa mtu wa kawaida? Hati yetu ina kurasa 31. Nilimuuliza wakili mbona ndefu hivi, akasema kwa sababu sheria haisemi basi hati lazima iseme. Mdhamini akiugua anabadilishwaje, nani anamchunguza, anaweza kusikiliza ushauri wa biashara kutoka kwa mtu mwingine bila yeye kubeba lawama, hesabu zinasomwa lini, yote yameandikwa moja moja. Ile ya kugawa kazi ameiweka kwa njia ya hati, mwalimu mstaafu na dada yangu wanashika hisa na hati za ploti, kaka na mimi tunashauri biashara, na kuna kamati ya watu watano ya kugawa pamoja na mama wawili. Na juu kuna mlinzi wa amana, sheikh, ambaye anaweza kumtoa mdhamini mwizi. Nimeuliza ikifika korti itasimama? Amesema anaamini itasimama, lakini angelala vizuri zaidi kama ingekuwa kwenye sheria. Namheshimu kwa kusema hivyo, kuna wengine wangeapa.

Turudi kwa mama mdogo. Yeye alikuwa anaamini hii amana ni mtego wa nyumba kubwa kumtoa kwake. Hakuja mara ya kwanza, hakuja mara ya pili. Wakili akafanya kitu ambacho hakikuwa kwenye bei, alivyokuwa na kesi Tororo akapitia Busia akakaa jikoni kwa mama mdogo. Mama akamuuliza moja kwa moja, "Hiyo amana yenu inaweza kuniuzia hii nyumba nikiwa ndani?" Akajibiwa kwamba toka sheria ya ardhi ya 1998 nyumba anayoishi mke na familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila yeye kukubali kwa maandishi, na kwamba kama hataki nyumba yake haiingii kabisa. Na haikuingia. Nyumba zote mbili za mama tumeziacha nje ya amana, zimeingia tu biashara na ploti tatu. Mama mdogo akasaini kwamba anakubali ploti ziingie siku hiyohiyo na akampakia wakili ndizi. Kama mnasoma hii na mna mama wawili, msianze bila wote wawili, nawaambia.

Hela sasa, kwa shilingi za Uganda. Kumuona mara ya kwanza 150,000. Hati na kila kitu pamoja na kampani 4,200,000, tukalipa mara tatu na kila mara risiti. Naiona ni bei ya haki. Kilichotuumiza ni ambacho hakikutajwa mapema, na hapa ofisi naifinya. Kuhamisha ardhi Uganda kuna ushuru wa stempu, ni asilimia 1.5 ya thamani, na thamani husemi wewe, inasemwa na mthamini wa serikali, basi kuna kusubiri na kuna safari. Tumeambiwa hayo baada ya kusaini. Kwa ploti tatu si hela ya chai. Ingesemwa siku ya kwanza tungepanga kuhamisha moja moja kila mwaka, ndio tunavyofanya sasa, moja imehama mbili bado. Na mimi naona si haki kabisa, mzee hajauza kitu, hajapata shilingi, anaweka mali mahali watoto wake hawatapigana, kwa nini atozwe kama muuzaji? Kama kuna mbunge anataka kazi rahisi ya kufanya ndio hiyo, na pia mapato ya trasti yenyewe yanatozwa asilimia 30 kama ya kampani, kwa familia ya watu 17 wanaokula hapo inafaa kutazamwa upya.

Kosa lingine la ofisi, jina la mama mkubwa liliandikwa tofauti na la kitambulisho kwenye kurasa nne, herufi moja tu, lakini ikabidi ichapishwe upya na mashahidi waitwe tena. Walibeba gharama wenyewe. Muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili nilioomba walinipa baada ya kukumbushwa mara tatu, ulipokuja ulikuwa mzuri, mzee ameuweka ndani ya msahafu wake.

Na benki. Benki siitaji pia. Tumeenda mara tatu kufungua akaunti ya amana, kijana wa kaunta anaangalia hati anauliza hii ni kampani? Hapana. Ni NGO? Hapana. SACCO? Hapana. Sasa ni nini? Kwenye kompyuta yake hakuna mahali pa kubonyeza. Sio kosa lake, mimi sikumkasirikia. Mara ya tatu wakili alikuja mwenyewe na meneja akakubali tufungue kwa majina ya wadhamini wawili huku hati ikiwa kwenye faili, inafanya kazi, lakini mdhamini mmoja akifariki tunaanza upya foleni ileile. Huko Kenya wenzetu wanaenda na cheti kinachosema wazi hii ni trasti ya familia. Ndio tofauti ya sheria iliyoandikwa na isiyoandikwa, unaikuta kwenye kaunta ya benki.

Ningewarudia hawa mawakili? Ndiyo, na nimeshampeleka rafiki wa Malaba mwenye pampu mbili za petroli. Nendeni na taito zote za ardhi, kadi za magari (logbook), vitambulisho vya kila mtu mzima, vyeti vya ndoa au barua ya sheikh, na orodha ya madeni, ya kweli, sababu wakili alituambia amana iliyofunguliwa kumkimbia mdai korti inaweza kuivunja. Ulizeni stempu siku ya kwanza kabla hata ya chai. Apointimenti chukueni ya asubuhi kabisa, na mzee abebewe mto wa kukalia.

Mwezi uliopita kamati ilikaa mara ya kwanza, nyumbani kwa mama mkubwa. Hesabu zilisomwa kwa sauti, lori moja lilikuwa limekula injini na tukabishana saa mbili kama litengenezwe au liuzwe. Mzee alikaa pembeni hakusema neno, tulivyoamua litengenezwe akaomba aonyeshwe ukurasa unaosema yeye hana kura.

Ni ukurasa wa 12. Akausoma, akarudisha, akaomba maji ya kutawadha.